Mama hubaki peke yake kuanzia saa sita mchana: nitaombaje saa zaidi za mhudumu?

Swali: Shikamoo Sista. Naandika kutoka Umoja, Nairobi. Mama yangu ana miaka 73. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa, na ana kisukari cha siku nyingi. Hatembei, ila akisaidiwa anaketi. Anaongea maneno machache lakini anaelewa kila kitu. Tuko ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mimi hutoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi kwenda kazini Industrial Area na kurudi saa mbili usiku. Tuna mhudumu kutoka kwa wakala, anakuja saa mbili asubuhi na kuondoka saa sita, Jumatatu hadi Ijumaa, shilingi 1,000 kwa siku. Tunachanga watoto watatu. Kutoka saa sita mama hukaa kwenye kiti mpaka kijana wangu arudi kutoka shuleni saa kumi na moja, jirani akichungulia. Nimeomba mhudumu akae hadi hiyo saa kumi na moja. Wakala wanataka 1,800 kwa siku, na walipokuja kumpima mama walikaa dakika ishirini wakasema saa nne zinatosha. Kaka yangu mkubwa, yuko Kitengela, anasema mama siku hizi ni wa kulala tu, hatuwezi kumlipa mtu wa kumtazama akilala. Mdogo wetu yuko California, anasema huko serikali ndiyo hulipa, tuiulize yetu. Kuna ofisi ya kuomba? Na hao ndugu zangu niwaambie nini? Halafu juzi nimeona alama nyeusi chini ya mgongo wa mama, sijui ni kiti.

Marahaba, mdogo wangu.

Nianzie mwisho wa barua yako, hapo ulipoandika kama mtu anayekumbuka jambo akiwa mlangoni. Alama chini ya mgongo, kwa mama anayeketi saa tano bila kuinuliwa, tena mwenye kisukari, haiwezi kungoja kikao cha familia. Ukifika leo usiku mlaze ubavu, washa taa, uiguse kwa mgongo wa vidole vyako. Maelezo mengi utakayoyasoma yanasema tafuta wekundu, kwa sababu yaliandikwa na watu waliozoea ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani kwa urahisi. Wewe tafuta joto kuliko ngozi ya kando, ugumu au ulaini wa kubonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, rangi ya zambarau, na zaidi ya yote uangalie uso wa mama unapoigusa. Kama ngozi bado ni nzima, dawa yake ni kuondoa uzito: asiketi zaidi ya saa moja kwa mfululizo, kitandani ageuzwe kila saa mbili, na asikae kwenye ubichi. Usiisugue na usiipake spiriti. Kama imepasuka, ni ya zambarau au inabonyea, inatoa maji au harufu, au mama ana homa, kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya, kazini watakuelewa au hawatakuelewa. Vyovyote itakavyokuwa, ipige picha ukiweka sarafu ya shilingi kumi kando yake kuonyesha ukubwa, uandike na tarehe. Hiyo picha itakufaa mbele ya watu, kama nitakavyoeleza.

Sasa saa za mhudumu.

Ofisi ya kuomba haipo. Nasema hivi mapema usije ukapoteza siku mbili za likizo ukizunguka mjini kutoka dirisha hadi dirisha. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na Serikali. Familia imetajwa kwanza, na ndivyo mambo yalivyo hata mtaani. Serikali inatoa vitu fulani, nitavifikia, lakini saa za mtu wa kuja nyumbani kumwosha mama hazimo. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia matibabu katika vituo vya afya. Mtu wa kukaa na mama sebuleni unamlipa mwenyewe.

Mdogo wenu hajakosea kuhusu California. Huko kuna mpango unaoitwa In-Home Supportive Services, IHSS kwa kifupi. Mtu mwenye bima ya serikali ya jimbo hilo, Medi-Cal, hupimwa na kupewa saa, na mgonjwa mzito kabisa anaweza kufikia saa 283 kwa mwezi. Akipunguziwa au akinyimwa, ana siku 90 za kudai asikilizwe upya. Lakini mwambie mdogo wenu akuulizie jambo moja kwa watu wa huko: zile saa zinapatikanaje? Atakuambia hakuna anayeuliza "mama anahitaji saa ngapi?" Afisa anakaa anahesabu kazi moja moja, kuoga dakika kadhaa, kuvaa dakika kadhaa, kulishwa, kupelekwa choo, kisha anazijumlisha. Hilo la kuhesabu ndilo tutakaloazima. Halihitaji serikali, linahitaji daftari la shilingi hamsini.

Maana kwako wewe wanaoamua ni wawili, anayelipa na anayepima. Anayelipa ni ndugu zako na wewe, anayepima ni wakala. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona mama saa tisa mchana. Kaka yako humwona Jumapili baada ya ibada, ameoshwa, amefungwa kitambaa safi, watu wamejaa nyumbani. Wakala walimwona asubuhi. Wewe mwenyewe hujamwona saa hiyo siku ya kazi, ila unaona alichoachiwa na hiyo saa ukirudi usiku.

Nalijua hili kwa sababu nimewahi kuwa huyo mpimaji. Miaka ya nyuma, nikifanya kazi na wakala mmoja hapa mjini, nilitumwa kumpima mzee mmoja mtaa wa Eastlands. Nilifika saa tatu asubuhi. Mzee alikuwa amevaa koti, ameketi wima, akanisalimia kwa sauti ya mwalimu mkuu mstaafu, akaagiza niletewe chai. Kila nilipouliza kama anaweza hili au lile, alijibu, "Hakuna shida." Niliandika saa tatu kwa siku. Wiki tatu baadaye niliitwa kuangalia kidonda kwenye kifupa cha mkia, shimo ambalo kidole kingeingia. Mkewe akaniambia kile nilichopaswa kuuliza mwenyewe: ile asubuhi walimwandaa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na nilipotoka tu walimlaza, akalala hadi jioni kwa uchovu wa kuniketia wima. Mimi nilipima heshima ya mzee, sikupima ulemavu wake. Mama yako pia atajikaza mbele ya mgeni. Wazazi wetu wamelelewa hivyo, mgeni haonyeshwi shida.

Kwa hiyo daftari. Siku saba, na ziingie Jumamosi na Jumapili, kwa sababu hizo unazifanya wewe bure na hakuna anayezihesabu. Wape mhudumu, kijana wako na jirani waandike zamu zao, hata kwa mwandiko mbaya. Kila mstari uwe na saa, kazi, dakika, nani aliifanya, na kama hakukuwa na mtu, nini kilitokea. Mstari wa mwisho ndio wenye kesi yako. Usiandike "mama aliteseka mchana." Andika hivi:

"Jumanne, saa nane mchana. Jirani amekuta mama ameteleza kwenye kiti, kichwa kimeangukia upande wa kulia. Hakuweza kumwinua peke yake, amemwita kijana wa dukani. Dakika 15."

"Jumanne, saa kumi na moja na dakika tano. Daipa imelowa hadi kwenye mto wa kiti. Kikombe cha maji cha saa sita kimejaa vilevile."

Hicho kikombe nakuomba ukiangalie sana. Wazee wengi wanaojua wataachwa peke yao huacha kunywa maji makusudi ili wasijikojolee. Hawasemi. Matokeo yake ni mkojo mzito, maambukizi ya njia ya mkojo, na siku moja unaambiwa mama amechanganyikiwa, anaita watu waliokufa. Wengine watadhani ni kiharusi cha pili, kumbe ni kiu ya mwezi mzima. Andika amekunywa vikombe vingapi na saa ngapi.

Baada ya siku saba jumlisha kwa kazi. Nikikadiria kwa mama wa hali ya wako, ninavyowajua: kuoga na kuvaa dakika 55, kula mara tatu kwa dakika 40, maana upande mmoja wa mdomo haufanyi kazi, ni 120, kubadilisha daipa mara sita kwa dakika 15 ni 90, kumtoa kitandani kwenda kitini na kumrudisha, mara nne kwa dakika kumi, ni 40, mazoezi ya mkono na mguu 30, dawa na kupima sukari 15. Jumla dakika 350, yaani karibu saa sita za mikono juu ya mwili wa mama. Sijahesabu kupika, kufua shuka, wala kupanda na kushuka ngazi. Usiwapelekee ndugu zako hesabu hii yangu, wapelekee yako. Nimeiweka ili uone kwa nini saa nne hazikutoshi hata mhudumu akikimbia, na bila shaka anakimbia. Nina hakika mama analishwa saa tano na nusu ili mhudumu awahi kuosha vyombo na kutoka saa sita. Mtu aliyepooza upande mmoja akilishwa haraka au akilazwa kabla chakula hakijatulia, kinaweza kwenda njia ya pumzi. Akae wima nusu saa baada ya kula. Hiyo nusu saa nayo ni kazi, ingawa kaka yako akiiona atasema mhudumu ameketi tu.

Na hapo tufike kwa neno lake, kwamba hamwezi kumlipa mtu wa kumtazama mama akilala. Mtoto wa miaka miwili akilala, nani humwacha peke yake ndani ya nyumba kwenye ghorofa ya tatu aende Kitengela? Mwulize kwa upole. Mama hawezi kufikia simu kwa mkono wa kulia, hawezi kupiga kelele, hawezi kufungua mlango. Ana kisukari, na siku akimeza dawa kisha akala vijiko vitatu tu vya chakula, sukari inaweza kushuka saa nane mchana: jasho jembamba, kutetemeka, kusinzia. Kwa macho ya jirani anayechungulia mlangoni, huyo ni mama aliyelala.

Ukishapata daftari, waandikie wakala kuomba mama apimwe upya. Waandikie, usipige simu, na uombe majibu nayo yaandikwe. Waambie waje mchana, saa tisa au kumi, na uwepo mwenyewe hata kama ni kwa kuomba ruhusa nusu siku. Usimwandae mama. Mpimaji amwone akihamishwa kutoka kitandani hadi kitini, amwone akimeza uji. Akiuliza mama kama yuko sawa, mama atasema yuko sawa. Wewe usimkatize mbele ya mgeni, utamwaibisha. Fungua daftari taratibu, mpe mpimaji asome mwenyewe.

Kabla ya siku hiyo, tafuta barua ya daktari au mfiziotherapia anayemwona mama kliniki. Wengi huomba barua wakarudi na mstari mmoja: "Mgonjwa anahitaji uangalizi wa karibu." Barua ya namna hiyo haimsogezi mtu yeyote, maana kila mgonjwa anahitaji uangalizi wa karibu. Omba iandikwe mambo yanayopimika: kwamba asiketi zaidi ya saa fulani bila kuinuliwa, ageuzwe kila baada ya saa ngapi, anahitaji mtu mmoja au wawili kumhamisha, anaweza kuachwa peke yake kwa muda gani au asiachwe kabisa. Waombe pia wampe alama za kipimo cha Barthel. Ni kipimo cha tangu 1965, kinauliza mambo kumi ya kila siku, kula, kuoga, kuvaa, choo, kuhama kitandani, hadi kupanda ngazi, na jumla yake ni 100. Faida yake kwako ni kwamba namba hubishaniwa kidogo kuliko maneno, na baada ya miezi sita mkimpima tena mtajua kama mama anapanda au anashuka.

Kuna jambo unaloweza kubadilisha wiki hii bila shilingi ya ziada. Waombe wakala zamu isogezwe, aingie saa tatu asubuhi na kutoka saa saba mchana. Wewe unapotoka alfajiri mgeuze mama na umbadilishe, alale, na kijana wako amgeuze tena kabla ya kwenda shuleni. Hakuna haja ya mhudumu kufika saa mbili kumwamsha. Atakula saa tano na nusu, atakaa wima, kisha saba kasorobo atalazwa ubavu kitandani, mto nyuma yake, mto mwingine katikati ya magoti. Kwa sasa asiachwe kwenye kiti, kwa ajili ya ile alama. Halafu yule jirani anayechungulia kwa hisani, mpe shilingi 200 kwa siku awe anaingia saa tisa kamili nusu saa: amgeuze, ampe maji, aangalie daipa. Mfundishe mbele ya mhudumu, na jambo la kwanza afundishwe ni kutomvuta mama kwa ule mkono wa kulia. Bega lililopooza likivutwa linaweza kutoka mahali pake, na maumivu yake yanaweza kudumu. Malipo ya jirani kwa mwezi ni shilingi 4,400. Saa tano za upweke wa mchana zitakuwa mbili, kisha moja na nusu. Bado si sawa, ila ni afadhali wakati mnajadiliana.

Tuje kwenye pesa, maana kaka yako atafika hapo haraka. Leo mnalipa 1,000 kwa siku 22, ni shilingi 22,000. Mkiongeza saa hadi kumi na moja itakuwa 39,600. Nyongeza ni 17,600, yaani kama 5,870 kwa kila mtoto. Sasa linganisha. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na asiyepewa makao na mwajiri huongezewa asilimia 15 ya nyumba, jumla karibu 18,530. Kwa hiyo mkimwajiri mtu wenyewe, saa mbili hadi kumi na moja siku tano ni saa 45, ndani ya zile 52 za wiki ambazo sheria inaruhusu, na bado mko chini ya mnachomlipa wakala leo kwa saa nne. Ongeza michango ya NSSF na ushuru wa nyumba.

Lakini usikimbilie hapo. Hicho ni kima cha chini cha kazi za nyumba, na mtu aliyesomea kuhudumia wagonjwa hatakikubali, wala msimpe hicho. Na mkimwajiri wenyewe, akiugua Jumatano hakuna wakala wa kuleta mwingine. Mtampa siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na mkataba wa maandishi. Nimeona familia zinazochukua dada wa kazi wa miaka 19, wanamwambia apike, afue, awapeleke watoto shule "na uangalie shosho." Huyo hajaajiriwa kumhudumia mgonjwa, ametupiwa mgonjwa. Mkiamua kuajiri, awe na kazi moja, mama, na mumlipie mafunzo mafupi au mumwachie mhudumu wa sasa amfundishe wiki mbili mkilipa wote wawili. Mimi ningeanza kwa kuwaonyesha wakala hesabu hii. Mara nyingi bei ya 1,800 hushuka mteja akionekana anajua kuhesabu.

Kile serikali inachotoa, kichukue, ila usikitegemee kiwe saa. Mama ana zaidi ya miaka 70, hivyo anaweza kuomba Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hiyo nenda kwa chifu na kitambulisho cha mama na uulize awamu ijayo. Ukigawanya kwa siku ni kama shilingi 66, haimalizi nauli yako ya kwenda na kurudi mjini, lakini inamlipa jirani karibu nusu ya mwezi. Msajili mama pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Atapimwa kwanza na jopo la hospitali ya serikali, halafu apewe kadi. Watu husema kadi haina faida kwa mzee. Ina faida: kupitia Baraza unaweza kuomba kiti cha magurudumu na vifaa vingine, na kama mama ana kipato kinachotozwa kodi, kadi ndiyo mwanzo wa kuomba msamaha wa kodi ya mapato, ambao kwa mtu mwenye ulemavu ni shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi. Ni wa kipato chake, si wa mshahara wako. Siku ya kupimwa mtahitaji vijana wawili wa kumshusha ngazi, na zamu ya saa nne haitatosha, kwa hiyo iandike hiyo siku nayo kwenye daftari.

Mtafute pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu. Tangu 2023 wamepewa mikoba yenye kipima presha na kipima sukari, na hutembelea nyumba. Hatamwosha mama, lakini akipita mchana mara moja kwa mwezi akaandika alichokuta, hilo ni jicho la tatu ambalo si lako wala la wakala.

Na vifaa vinaokoa dakika. Kiti chenye choo kando ya kitanda kinaweza kupunguza daipa za siku. Godoro la hewa litasaidia usiku, ila haliondoi kugeuzwa. Kama mnachanga na pesa hazitoshi saa zote, nunueni hivyo viwili kwanza.

Umeniambia kuhusu kila mtu isipokuwa wewe. Saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili kasorobo asubuhi ni zamu ya saa karibu kumi, na hakuna aliyekuuliza nani anaifanya. Iandike. Kila unapoamka kumgeuza, andika saa, hata kwa penseli gizani. Kaka yako akisoma "saa saba usiku, saa tisa usiku, saa kumi na moja" kwa siku saba mfululizo, kwa jina lako, atajua hata kabla hujaomba kitu.

Usiitishe kikao kwenye simu. Grupu ya WhatsApp ya familia haijawahi kuongeza saa hata moja ya mhudumu, huongeza tu emoji za maombi. Mwandikie kaka yako peke yake, kwa heshima yake ya mkubwa, kitu kama hiki:

"Kaka, habari za Kitengela. Nimeandika siku saba za mama kwenye daftari, kurasa nimekutumia kwa picha, pamoja na picha ya alama ya mgongoni. Siombi pesa leo. Naomba Jumamosi hii uje ukae na mama kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja, wewe peke yako. Nitampa chakula kabla hujafika. Daipa ziko chini ya kitanda upande wa dirisha, glavu ziko juu ya kabati, maji apewe kwa kijiko upande wa kushoto wa mdomo. Jirani yuko mlango wa pili ukitaka mtu wa kukusaidia kumwinua. Mimi nitakuwa saluni, simu nitakuwa nayo. Nikirudi tutampigia mdogo wetu wote wawili, kwake itakuwa asubuhi."